Joto Kali na Joto Jingi: Historia Fupi ya Kanuni za Joto, Kutokana na Swali Lililoulizwa Malambo

Malambo ni mahali pa wafugaji katika Wilaya ya Ngorongoro, chini ya nyanda za juu, katika nchi kavu inayoelekea Ziwa Natron. Msemaji wa Kiswahili alisikiapo jina hilo hukumbuka mara moja wingi wa neno lambo, yaani bwawa la kunyweshea mifugo. Na katika nchi yenye jua kama ile, neno lenyewe huburudisha. Lugha ya wenyeji ni Kimaasai. Kiswahili ni lugha ya shule, ya soko na ya serikali. Nilifika huko kwa kazi yangu ya kukusanya maneno ya ufugaji, wala sikuwa na nia yo yote ya kushughulika na elimu ya joto.

Jioni moja tulikuwa tumeketi tukingoja chai, na makaa ya mgunga yamewaka mekundu kati ya mafiga. Kijana mmoja aliyekuwa amemaliza darasa la saba aliniuliza: "Mwalimu, moto wa mlima na moto huu wetu, upi una joto zaidi?" Mlima alioutaja ni Ol Doinyo Lengai, ulio upande wa mashariki, ambao jina lake maana yake ni Mlima wa Mungu. Nilimjibu pasipo kusita kwamba moto wa mlima ndio wenye joto zaidi, kwani ni nani asiyejua hivyo? Kijana hakuridhika. Alisema amesikia kwa watu wanaopandisha wageni mlimani kwamba tope linalotoka kule juu ni jeusi kama lami, wala mchana haling'ai. Na makaa haya, akasema, tazama yalivyo mekundu. Nilirudia jibu langu kwa sauti ya mtu aliyesoma, na mazungumzo yakaisha hapo.

Niliporudi nyumbani nilitafuta habari za mlima ule, nikaona aibu. Lava ya Ol Doinyo Lengai ndiyo yenye joto dogo kuliko lava zote zijulikanazo zitokazo katika volkeno za dunia. Kipimo chake ni kati ya digrii 500 na 600 za Celsius, hali lava za kawaida hufika digrii 1,000 na kuzidi. Sababu ni kwamba haikufanyika kwa madini yale yafanyayo mawe ya kawaida, bali kwa magadi, jambo ambalo lilitambuliwa na mtaalamu wa miamba J. B. Dawson mwaka 1960 na kutangazwa mwaka 1962. Makaa yaliyoiva mekundu hupita digrii 700. Kijana alikuwa amesema kweli. Hata hivyo mimi nami sikuwa nimesema uongo mtupu, kwa kuwa mlima ule una joto ambalo makaa ya nchi nzima hayawezi kulifikia. Kosa letu lilikuwa moja: sisi sote wawili tulitumia neno joto kwa vitu viwili mbalimbali. Makala haya yanasimulia jinsi vitu hivyo viwili vilivyotenganishwa katika historia ya elimu, na jinsi Kiswahili kilivyopata maneno ya kuvitaja.

Yafaa tuanze na maneno ya kale. Kiswahili si maskini wa maneno ya namna hii. Mtu atokaye juani husema anaona hari. Harara ni joto la mwili, na pia ni hamaki ya moyo. Fukuto ni joto lililofungwa mahali pasipo upepo. Vuguvugu ni hali ya maji yasiyo ya moto wala ya baridi. Maneno haya yote hutaja joto kama mwili unavyolihisi. Hakuna hata moja litajalo wingi wake. Lakini tusikilize vivumishi. Watu wetu husema joto kali, na pia husema joto jingi. Aghalabu hatufikiri tofauti, walakini tofauti imo. Kitu chenye ukali hakihitaji kuwa kikubwa, kama pilipili. Kitu chenye wingi hakihitaji kuwa kikali, kama maji ya ziwa. Basi mbegu ya elimu hii ilikuwa imekwisha kulala katika sarufi yetu kabla ya shule ya kwanza kujengwa.

Huko Ulaya nako watu walikaa muda mrefu pasipo kuitambua tofauti hiyo. Fahrenheit alitangaza kipimo chake mwaka 1724, na Celsius chake mwaka 1742. Na wengi walidhani ya kuwa kipimajoto hupima joto lote lililomo katika kitu. Mtu aliyewaonyesha vingine ni Joseph Black, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Glasgow, katika miaka ya 1760. Aliangalia barafu ikiyeyuka. Joto liliendelea kuingia katika barafu saa baada ya saa, na kipimajoto hakikupanda hata kidogo mpaka barafu yote ilipogeuka maji. Basi joto lilikuwa limeingia na kufichika. Tangu hapo wataalamu walijua kwamba wingi wa joto ni jambo moja, na ukali wake ambao kipimajoto husoma ni jambo jingine.

Mfano wa jambo hili unapatikana katika boma lo lote la wafugaji. Chukua chuma cha kupigia ng'ombe chapa, chenye uzito wa nusu kilo, kikiwa chekundu kwa moto, ukitumbukize katika ndoo ya lita 20 za maji. Maji yatapiga kelele na kutoa mvuke, lakini ndoo nzima itapanda joto kiasi cha digrii 2 tu. Chuma kilichoweza kuchoma ngozi ya ng'ombe hakiwezi hata kufanya maji ya kuoga yawe vuguvugu. Kilikuwa na joto kali, hakikuwa na joto jingi.

Na maziwa je? Maziwa yakamuliwapo hutoka na joto la mwili wa ng'ombe, yaani digrii zipatazo 38. Ukiyaacha katika kibuyu usiku wa baridi, hupoa mpaka yakalingana na hewa. Kisha hayapoi tena. Vitu vilivyogusana vya kutosha husawazika ukali wa joto lao, na vitu viwili vilivyo sawa na cha tatu huwa sawa vyenyewe kwa vyenyewe. Hii ndiyo kanuni ambayo bila yake kipimajoto hakingekuwa na maana. Ilichelewa kupewa jina mpaka miaka ya 1930, wakati kanuni ya kwanza na ya pili zilikuwa zimekwisha kuzoeleka kwa majina yao. Kwa hiyo ikaitwa kanuni ya sifuri, kama mzee aliyefika arusini amechelewa akawekewa kiti mbele ya wote.

Swali lililofuata lilikuwa hili: joto ni nini? Wengi waliamini kwamba ni kimiminiko chepesi kisichoonekana, kinachotoka kitu kimoja na kuingia kingine. Mwaka 1798 Count Rumford, aliyesimamia utengenezaji wa mizinga mjini Munich, alieleza kwamba chuma cha mzinga kinapokerezwa joto hutoka pasipo kwisha maadamu farasi wanazungusha mtambo. Kitu kisichokwisha hakiwezi kuwa kimiminiko kilichowekwa akiba ndani ya chuma. Hapana budi kinazaliwa na kazi.

Baada yake alikuja daktari wa meli, Julius Robert Mayer, ambaye mwaka 1840 alisafiri mpaka Java. Alipowatoa mabaharia damu, aliona damu ya mishipa irudiyo moyoni ni nyekundu zaidi kuliko alivyozoea kwao Ujerumani. Akafikiri kwamba katika nchi ya joto mwili hauhitaji kuchoma chakula kingi ili ubaki na joto lake. Kutokana na fikira hiyo alifikia neno kubwa, alilolitangaza mwaka 1842, kwamba chakula, joto na kazi ni sura mbalimbali za kitu kimoja kisichopotea. James Joule wa Manchester alikipima kitu hicho kwa makini katika miaka ya 1840, akitumia uzito unaoshuka na kuzungusha makafi ndani ya maji. Kwa vipimo vyetu vya leo, kazi ya kilo moja inayoshuka mita 427 yatosha kupandisha kilo moja ya maji kwa digrii moja. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza: nishati haiumbwi wala haipotei, hubadili sura tu. Mchungaji wa Malambo anayekunywa maziwa asubuhi na kutembea na mifugo mchana kutwa anaishi ndani ya kanuni hiyo. Maziwa yamekuwa mwendo, na mwendo umekuwa jasho.

Kama kanuni ya kwanza ingekuwa peke yake, dunia ingekuwa rahisi. Maziwa yaliyopoa yangeweza kurudisha joto lao kutoka hewani, na hesabu isingeharibika. Walakini hakuna aliyeona jambo hilo likitokea. Kwa nini? Hapa elimu hii inakutana na chombo ambacho watu wa Afrika Mashariki walikifahamu vizuri. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Waingereza walianza ile ya Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa Nyanza mwaka 1901. Na reli ya kati kutoka Dar es Salaam, iliyoanzwa mwaka 1905, ilifika Kigoma mwaka 1914. Wazee wetu walipoiona injini ya mvuke hawakuipa jina la mvuke, wala la magurudumu, wala la kazi yake. Waliiita gari la moshi. Waliita kitu kwa kile kilichotoka na kupotea.

Sidai kwamba walikuwa wakifikiri habari za fizikia. Lakini jina lile lilishika ukweli ambao mhandisi Mfaransa Sadi Carnot aliueleza mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka 28. Carnot aliona ya kuwa injini haifanyi kazi kwa sababu ina joto, bali kwa sababu joto linatoka mahali pa moto na kwenda mahali pa baridi, kama maji yanavyozungusha gurudumu kwa kuporomoka. Pasipo mahali pa baridi pa kuangukia, joto halifanyi kazi hata likiwa jingi namna gani. Na lazima sehemu yake ifike huko chini ikiwa haikutumika. Injini za zamani za reli zilipoteza zaidi ya sehemu tisa katika kumi za joto la kuni au makaa yao. Hata leo mtambo wa Olkaria nchini Kenya, ulioanza kutoa umeme kwa mvuke wa ardhini mwaka 1981 katika Bonde la Ufa lile lile lenye Ol Doinyo Lengai, hauwezi kuikwepa sheria hiyo. Mvuke wa ardhi una joto jingi sana, lakini si kali sana. Kwa hiyo sehemu kubwa yake hurudi hewani bila ya kuwa umeme.

Fikira za Carnot zilikamilishwa na William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, na Rudolf Clausius wa Ujerumani. Thomson alitoa mwaka 1848 kipimo kisichotegemea zebaki wala maji. Clausius alionyesha mwaka 1850 namna ya kuzipatanisha kanuni mbili, kisha mwaka 1865 akakipa jina kile kiongezekacho kila joto linapotawanyika. Akakiita entropi. Jambo hili lawahusu wanafunzi wa lugha, maana Clausius alilitunga neno hilo kwa makusudi kutoka mzizi wa Kigiriki wenye maana ya kugeuka, akalifananisha kwa sauti na neno la nishati, na akachagua lugha ya kale ili neno liweze kutumika katika lugha zote zilizo hai. Kanuni yenyewe, ambayo ni ya pili, yasema kwamba joto haliendi lenyewe kutoka penye baridi kwenda penye moto, na kwamba entropi ya vitu vilivyofungiwa pamoja haipungui. Kiswahili kina methali iliyokaribia sana maana hiyo: maji yakimwagika hayazoleki. Nyingine yasema moto huzaa majivu, na hakuna methali isemayo majivu huzaa moto. Baadaye, kuanzia mwaka 1906, Walther Nernst aliongeza kanuni ya tatu, ambayo kwa ufupi yatufundisha kwamba baridi ya mwisho, digrii 273.15 chini ya sifuri ya Celsius, yaweza kukaribiwa lakini haifikiwi.

Sasa turudi katika lugha yetu. Kamati ya lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, na kazi yake kubwa ilikuwa usanifishaji wa tahajia, kamusi na vitabu vya shule. Mwaka 1964 kazi yake iliingia chini ya chuo kikuu cha Dar es Salaam kama taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili. Mwaka 1967 Bunge la Tanzania lilianzisha Baraza la Kiswahili la Taifa, na katika miaka ya 1970 Baraza hilo lilikuwa likitoa orodha za istilahi. Mwaka 1990 taasisi ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Katika kazi hizo zote, waliotunga maneno walikabiliwa na tatizo lile lile la Joseph Black.

Walilitatua kwa namna mbalimbali. Kwa ule ukali unaosomwa na kipimajoto, tuna halijoto, neno lililounganishwa kwa uwazi kabisa. Vitabu vingine hutumia jotoridi, ambalo ndani yake husikika joto na baridi pamoja. Joto lenyewe likaachiwa maana ya wingi. Neno nguvu, ambalo lilikuwa limebeba mizigo mitatu kwa wakati mmoja, lilipunguziwa: msukumo ukaitwa kani, na uwezo wa kufanya kazi ukaitwa nishati. Nishati asili yake ni Kiarabu, ambako maana yake ni uchangamfu. Waarabu wenyewe, kwa maana ya fizikia, hutumia neno jingine. Kwa hiyo neno hili, kwa maana hii, ni letu. Entropi tulilipokea kama Clausius alivyotaka.

Wako wasemao ya kwamba kazi hii ya kutunga maneno ni anasa, kwa kuwa masomo ya sayansi katika shule za sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Nami nimewahi kushawishika hivyo, hasa niliporudi kutoka masomo ya ng'ambo nikiwa nimejaa maneno ya kigeni. Lakini tumfikirie mtoto wa Malambo. Huzaliwa katika Kimaasai, hujifunza hesabu na sayansi ya kwanza kwa Kiswahili, kisha katika umri wa miaka 14 hivi huambiwa aanze upya kwa Kiingereza. Swali lake huvuka mito miwili kabla halijafika kwa mwalimu, na jibu huvuka tena miwili kurudi. Ikiwa katika kivuko kimoja maneno mawili yamegeuka moja, mtoto ataonekana mjinga hali yu katika haki.

Historia ya nchi yetu ina ushahidi wa hatari hiyo. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa na wenzake wakitengeneza aiskrimu. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika friji. Nafasi ilikuwa ndogo, na Mpemba akatia maziwa yake yangali ya moto. Yaliganda kabla ya maziwa ya mwenzake yaliyotiwa yakiwa ya baridi. Alipouliza sababu aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na swali lake likawa kichekesho cha darasa. Hakunyamaza. Alipokuja kuzungumza shuleni Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Dar es Salaam, Mpemba aliuliza kwa nini maji ya digrii 100 huganda kabla ya maji ya digrii 35. Osborne hakumcheka, bali alirudi chuoni akajaribu. Na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala yao katika jarida la waalimu wa fizikia la Uingereza. Mpemba alisomea baadaye uhifadhi wa wanyama katika chuo cha Mweka, na jina lake limebaki katika vitabu vya dunia.

Habari hiyo haijakwisha. Majaribio yaliyotangazwa Uingereza mwaka 2016 hayakuona dalili za kutosha katika maji. Mwaka 2020 wataalamu wa Kanada walionyesha jambo la namna hiyo katika chembe ndogo zilizomo majini. Lakini tuone kosa la waliomcheka. Wao walikuwa na neno la halijoto, wakadhani limetosha: mwenye digrii nyingi ana safari ndefu, basi atachelewa. Hawakuuliza ni maji kiasi gani yaliyopotea kwa mvuke, wala yalivyojizungusha ndani ya chombo, wala yalivyogusana na barafu chini yake. Kijana wa Malambo alinishinda kwa sababu nilikosa neno. Mpemba alichekwa na watu waliokuwa na neno wakaacha kutazama. Basi istilahi ni taa ya kuangazia njia, lakini macho ni ya mwenye kutembea.

Nilimwandikia kijana yule jibu jipya, nikampelekea kwa mkono wa mwalimu aliyekuwa akirudi huko. Nilimwambia kwamba alikuwa amenisahihisha. Makaa ya mafiga yana halijoto kubwa kuliko lava ya mlima. Mlima una joto jingi kuliko makaa yote ya Ngorongoro. Nilimweleza pia kwamba lava ile nyeusi, ikiisha kupoa, hunywa unyevu wa hewa na kugeuka nyeupe kwa muda mfupi, na ya kuwa milipuko ya mwaka 1966 na ya mwaka 2007 ilitawanya majivu ambayo hakuna mtu wa kuyarudisha ndani ya mlima. Sikutumia neno hata moja la Kiingereza, wala sikulihitaji.

Baada ya muda majibu yalirudi kwa njia ile ile, katika karatasi iliyokunjwa. Hakunishukuru kwa maneno mengi. Aliuliza swali jingine: ikiwa joto daima huenda penye baridi, je, baridi yote ya dunia itakwisha lini? Swali hilo Thomson na Clausius nao walilifikiri sana katika karne ya 19, na wataalamu wanaendelea kulifikiri. Mtu aliyefika hapo kwa Kiswahili, kutoka kwenye mafiga ya nyumbani kwao, amekwisha kuingia katika elimu yenyewe. Kazi yetu katika taasisi hizi ni kuhakikisha kwamba akitaka kuendelea mbele atayakuta maneno yakimngoja njiani.